Samatta na Mizani Tunayompimia

Nataka kuzungumza na wasomaji juu ya neno moja linalosemwa sana hapa Tunduma, na sina shaka linasemwa vivyo hivyo Mbeya, Tanga na Dar es Salaam. Neno lenyewe ni hili: "Samatta alishindwa Uingereza." Utalisikia kwa kinyozi. Utalisikia katika vibanda umiza, vijana wanamotazamia mpira kwa kiingilio kidogo na joto jingi. Utalisikia hata barazani mwa msikiti baina ya Magharibi na Isha, na msemaji wake hulitamka kama hakimu asomaye hukumu isiyo na rufaa.

Huenda msomaji akauliza: shehe na mpira wapi na wapi? Kurasa hizi zimezoea kuhakiki vitabu, kasida na hotuba. Nami najibu kwamba maisha ya mtu anayetazamwa na umma mzima nayo ni kitabu, tena kinasomwa na wengi kuliko vitabu vyetu. Mtoto wa darasa la tano hapa mjini hawezi kukueleza Imamu Shafii alisafiri kutoka wapi kwenda wapi kutafuta elimu, lakini atakutajia klabu zote alizochezea Samatta bila kukosea hata moja. Maadamu kitabu hicho kinasomwa hivyo, yatupasa tuuangalie usomaji wake. Na usomaji huu, kwa maoni yangu, ni mbovu.

Sisi wa mkoa wa Songwe tunaijua mizani. Malori yatokayo bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupimwa Mpemba kabla ya kuufikia mpaka, na kila dereva anajua kwamba mizani ile haiangalii jumla peke yake. Hupima ekseli moja moja. Lori huweza kuwa halali kwa uzito wake wote, likazuiwa kwa sababu ya ekseli moja iliyobebeshwa kupita kiasi. Basi ndivyo tulivyomfanyia Mbwana Ally Samatta. Tumeichukua kazi ya zaidi ya miaka kumi na mitano, tukaitwika yote juu ya miezi sita ya mwaka 2020, kisha tunashangaa ekseli inalia.

Tuipange safari yenyewe. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992. Alianzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, kisha akaingia Simba mwaka 2010. Mwaka uliofuata Simba ilipambana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika, na Wakongo walimwona kijana yule wakamtaka. Hapa ndipo msomaji wa haraka hufunua kurasa nyingi kwa mkupuo, maana anaikimbilia Ulaya. Mimi naomba tusimame Lubumbashi, kwa kuwa kitabu kizima kiliandikwa huko.

Alikaa Lubumbashi tangu 2011 hadi mwisho wa 2015. Miaka minne na zaidi! Alikwenda akiwa kijana wa miaka kumi na minane, katika klabu ambayo mwaka 2010 tu ilikuwa imefika fainali ya klabu bingwa ya dunia na kucheza na Inter ya Milan. Hakuna aliyekuwa akimsubiri pale kwa shangwe. Wachezaji wa Kongo, Zambia na Ghana walikuwa wamejaa, na nafasi ya mbele haikuwa ya urithi. Alikuwa na Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, na alikuwa na lugha, kwani Lubumbashi Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ingawa ni Kiswahili cha namna yake ambacho mtu wa pwani hukisikiliza mara mbili kabla ya kucheka. (Jina la klabu yenyewe linanitatiza: hizo herufi mbili za mwanzo ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya Mwenye Nguvu Zote, sifa ambayo Mwislamu hampi kiumbe. Lakini walioianzisha mwaka 1939 walikuwa watawa wa Kibenediktini, na hesabu yao iko kwa Mola wao.)

Sisi watu wa Tunduma tuliijua habari ya Samatta kabla ya magazeti kuiandika kwa herufi kubwa, kwa sababu barabara ya Lubumbashi inapita mlangoni petu. Madereva waliokwenda kupakia shaba walirudi wakituambia kwamba kule Kasumbalesa ukisema unatoka Tanzania huulizwi tena habari za Nyerere wala Mlima Kilimanjaro, unaulizwa habari za Samatta. Dereva mmoja aliniambia, "Shehe, yule mtoto anawafundisha watu wa shaba kazi." Mimi sikuwa na televisheni nyumbani wakati huo, na maneno ya dereva yalinitosha.

Mwaka 2015 ndio uliokuwa mwaka wa mavuno. Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuishinda USM Alger. Mchezo wa kwanza ulikuwa Algiers tarehe 31 Oktoba, Mazembe ikashinda 2 kwa 1. Bao la kwanza lilifungwa na Mzambia Rainford Kalaba, na la pili na Samatta kwa penalti. Wa marudiano ulikuwa Lubumbashi tarehe 8 Novemba, wakashinda 2 kwa 0, na penalti nyingine ilipigwa na yeye yule, dakika ya 74, mchezo ukiwa bado haujafunguka. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 7, miongoni mwa wafungaji wa juu kabisa. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Hakuna Mtanzania aliyeipata tuzo hiyo kabla yake.

Nataka msomaji azizingatie zile penalti mbili. Fainali ya Afrika, ugenini kisha nyumbani, na mpira unapewa mgeni kutoka Mbagala. Watu hawampi mgeni funguo za ghala kwa sababu ana bahati. Humpa kwa sababu wamemwona akifanya kazi hiyo hiyo asubuhi baada ya asubuhi, na mkono wake hautetemeki. Amana haipatikani kwa siku moja.

Baada ya hapo akenda Genk, Ubelgiji. Inafaa kujua Genk ni mji wa namna gani. Ni mji wa makaa ya mawe, na klabu yake iliundwa mwaka 1988 kwa kuunganisha timu mbili za wachimbaji, Waterschei na Winterslag. Wachimbaji wengi walitoka Italia, Uturuki na Moroko, na ndiyo sababu mji ule una misikiti na watoto waliozaliwa Ubelgiji wenye majina kama yetu. Kwa hiyo kijana wetu alitoka mji wa shaba akaingia mji wa makaa ya mawe. Sisi ambao mlima wa makaa wa Kiwira hauko mbali nasi tunafahamu watu wa migodini walivyo: hawana subira na mtu mvivu, wala hawamsahau aliyeshuka nao shimoni.

Mwanzo wake Genk haukuwa mwepesi. Mwaka 2017 aliumia goti, na goti kwa mshambuliaji ni kama sauti kwa msomaji wa Kurani: ikiharibika, kila mtu anajua. Akatibiwa, akarudi. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 katika ligi, na Genk ikatwaa ubingwa wa Ubelgiji chini ya mwalimu Philippe Clement. Mwaka huo wa 2019 alipewa tuzo ambayo Wabelgiji humpa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika, nayo wanaiita kiatu cha mpingo. Ni jina zuri. Mpingo wetu hukua taratibu mno, na aupandaye aghalabu huwapandia wajukuu.

Sasa tufike Uingereza, na hapa ndipo uhakiki wenyewe.

Kwanza tuseme alikuwa mshambuliaji wa namna gani. Samatta hakuwa mtu wa kuushika mpira na kuwachezea watu sita. Hakuwa pandikizi la mtu la kusimama na kuwapa mgongo mabeki wawili akiwasubirisha mpaka wenzake wafike. Kipaji chake kilikuwa cha mwendo: alijua beki amegeuza shingo wakati gani, na wakati ule ule alikuwa keshaondoka. Alikula krosi na pasi za kupenya. Genk alikuwa na watu wa pembeni waliomlisha, akiwamo Leandro Trossard na Mjapani Junya Ito. Mshambuliaji wa namna hii ni kama mvuvi wa mshipi. Ni hodari, lakini hapana budi awe mahali penye samaki.

Tarehe 5 Novemba 2019 alikwenda Anfield na Genk kucheza na Liverpool, waliokuwa wakati huo mabingwa wa Ulaya. Kona ilipigwa, akaruka, akaufunga kwa kichwa, ikawa 1 kwa 1 hadi mapumziko. Genk ilifungwa 2 kwa 1 mwishowe, lakini Waingereza walikuwa wameona.

Miezi miwili baadaye, siku ya mwaka mpya wa 2020, Aston Villa ya Birmingham ilimpoteza mshambuliaji wake Mbrazili, Wesley, aliyeumia goti vibaya. Villa ilikuwa inapigana isishuke daraja. Tarehe 20 Januari ikamsajili Samatta. Tutazame basi alipewa kazi gani. Hakuitwa ajenge nyumba. Aliitwa azime moto. Tarehe 28 Januari alicheza nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester, Villa ikashinda 2 kwa 1 na kuingia fainali. Tarehe 1 Februari alicheza mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu, ugenini kwa Bournemouth, akafunga kwa kichwa. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika ligi ile. Villa ilifungwa 2 kwa 1. Tarehe 1 Machi, uwanjani Wembley, katika fainali na Manchester City, Villa ilikuwa nyuma kwa mabao mawili. Krosi ya El Ghazi ikaja, Samatta akajirusha mbele ya beki akapiga kichwa, mpira wavuni. Nayo ikaisha 2 kwa 1.

Msomaji ameona jambo? Anfield, Bournemouth, Wembley: mara tatu katika ardhi ya Uingereza, mara tatu kwa kichwa, mara tatu timu yake ikafungwa 2 kwa 1. Mabao yote ni ya mtu yule yule tuliyemweleza, aliyeletewa mpira mahali alipokuwa anakwenda. Alipoletewa, alifunga. Asipoletewa, alikimbia bure, na Villa ya msimu ule ilikuwa timu ya kujihami, yenye kumpa mpira Jack Grealish na kungoja atakalofanya. Katika mechi 38 za ligi, klabu nzima ilifunga mabao 41.

Tarehe 13 Machi ligi ikasimamishwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Iliporejea Juni, viwanja vilikuwa vitupu, na Samatta hakufunga tena. Hili nalisema wazi, kwa sababu uhakiki unaoficha aibu ni sifa za harusini. Miezi ile ya Juni na Julai alionekana mzito. Alipokea mpira akiupa lango mgongo, akaupoteza. Alifika mahali pazuri nusu sekunde baada ya mpira kupita. Mwalimu wa Villa alimweka benchi mara kadhaa na hakumdhulumu. Jumla yake katika ligi ni mechi 14 na bao 1. Villa ilibakia daraja la juu siku ya mwisho, tarehe 26 Julai, kwa tofauti ya pointi moja. Septemba ikamnunua mshambuliaji mwingine, Ollie Watkins, na tarehe 25 mwezi huo Samatta akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki.

Kwa hiyo, je, alishindwa? Kama swali ni mabao ya Ligi Kuu, basi bao 1 ni bao 1, wala hatutaligeuza kuwa kumi kwa uzalendo. Lakini tazama maneno yanavyosema zaidi ya hesabu. Hawasemi "hakufanya vizuri Villa." Wanasema "alishindwa", kama kwamba maisha yalikuwa mtihani wenye swali moja, nalo ni Uingereza. Ubingwa wa Afrika haukuingia. Ubingwa wa Ubelgiji haukuingia. Na baada ya Villa je? Alichezea Fenerbahçe, akacheza Antwerp kwa mkopo, akarudi Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki mwaka 2023 na kutwaa nao ubingwa wa nchi ile mwaka 2024, kisha mwaka 2025 akajiunga na Le Havre ya Ufaransa akiwa na miaka thelathini na miwili, umri ambao washambuliaji wengi wameshaanza kuuza duka. Kwa nini yote hayo ni sifuri mbele ya miezi sita? Kwa sababu mpira wa Kiingereza ndio unaoonyeshwa katika vibanda vyetu kila Jumamosi. Tumekubali kwamba jambo lisilotazamwa na sisi halikutokea. Zamani wakoloni walituambia elimu ni ile ya kwao tu na chuoni kwetu ni kupoteza wakati. Walipoondoka tulicheka, nasi sasa tunapimana kwa fimbo ile ile.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya hilo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kijana mmoja aliyepata kusoma kwangu alipewa na baba yake fedha za ada ya chuo cha ufundi. Baba ni mkulima wa kahawa huku Mbozi, na fedha ile ilikuwa ya msimu mzima. Kijana aliiweka yote kwenye kamari ya mpira, kwa kubashiri mechi tisa za Ulaya kwa pamoja. Nane zikaja kama alivyotaka. Ya tisa, timu iliyokuwa inaongoza ikasawazishiwa mwishoni. Vijana wanasema "mkeka umechanika." Mkeka! Kitu tunachokalia darasani, tunachosalia, tunacholalia na kuwafunikia maiti zetu, leo ni jina la karatasi ya kamari. Nilipomwita nimuulize, hakubisha wala hakulia. Alisema, "Maalim, si ni bahati tu? Hata Samatta alibahatika."

Nilikaa na jibu lile siku nyingi. Kijana huyu huyu ndiye niliyemsikia siku za nyuma akisema Samatta alishindwa Uingereza. Inakuwaje mtu huyo huyo alibahatika na pia alishindwa? Nikaona kwamba maneno haya mawili ni mapacha. Anayeitazama riziki kama tiketi iliyotoka kwenye kapu, humwona Samatta alipochaguliwa akasema amebahatika, na humwona alipoachwa akasema ameshindwa. Katikati ya mambo hayo mawili haoni kitu. Haoni Lubumbashi. Haoni goti la 2017. Haoni mazoezi ya asubuhi yasiyoonyeshwa na televisheni yoyote. Na mtu asiyeiona kazi ya mwenziwe, hataithamini kahawa ya baba yake.

Wanavyuoni wetu walizitenganisha njia hizi mapema sana. Katika vitabu vya kifikihi vya madhehebu ya Shafii kuna mlango wa mashindano ya mbio na kutupa mishale, ambamo zawadi ni halali ikitolewa na mtawala, au na mtu wa tatu, au na mmoja wa wanaoshindana. Na ni haramu kila mmoja akiweka mali yake ili mshindi amle mwenzake, wala hakuna kati yao asiyeweka kitu. Imamu Ghazali naye, katika Ihyaa, aliweka kitabu kizima juu ya adabu za chumo. Mchezaji anayelipwa mshahara kwa mkataba ni mwajiriwa, kama seremala au dereva, akichunga sala yake na tupu yake. Anayebashiri mchezo ule ule kwa fedha yake yumo ndani ya yale yaliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, pamoja na ulevi. Mpira ni mmoja, uwanja ni mmoja, saa ni moja. Mmoja anachuma na mwingine anacheza kamari. Na kudra ya Mwenyezi Mungu isichanganywe na bahati ya kapu. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha yule mtu na ngamia wake, aliyeambiwa afunge kwanza kisha ategemee.

Nitakuwa sikutenda haki nikiishia kwa vijana peke yao. Jezi ya Aston Villa msimu ule wa 2019/20, ile aliyofungia Wembley, ilikuwa na jina la kampuni ya kamari kifuani. Mtu atasema: basi naye yumo. Mimi siharakishi hivyo. Mchezaji hachagui jezi, na sikuwepo alipotia saini, wala sijui moyoni mwake palikuwa na nini. Najua kwamba mwaka 2006 Frédéric Kanouté, Mwislamu wa Mali, alikataa kuvaa jina la kampuni ya kamari alipokuwa Sevilla, Hispania, na akapewa jezi isiyo na jina. Inawezekana, basi, ingawa si kila mmoja ana nguvu ya Kanouté mbele ya klabu yake, hasa aliyeletwa Januari kuzima moto. Kinachonishughulisha zaidi ni kwetu. Simba na Yanga, ambazo zina mashabiki Waislamu kuliko idadi ya misikiti tuliyonayo, zimetembea miaka mingi na majina ya kampuni za kamari kifuani, na sisi wenye vilemba tumezinunua jezi hizo kwa watoto wetu siku ya Idi. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zenyewe zilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina hayo kifuani kuanzia msimu wa 2026/27. Waingereza! Na hapa kwetu nani amelitoa neno hilo mimbarini?

Nirudi kwa Samatta, maana bado liko jambo la mwisho ambalo mizani ya mabao haiwezi kulipima.

Watu wa umri wangu tunakumbuka mwaka 1979, Peter Tino aliposawazisha Ndola, Zambia, na Taifa Stars ikapata tiketi ya kwenda fainali za Afrika za 1980 kule Lagos. Nilikuwa kijana wakati huo, na habari ilitufikia kwa redio. Ilipita miaka thelathini na tisa kabla ya Tanzania kurudi kwenye mashindano hayo, mwaka 2019 huko Misri, na nahodha alikuwa Samatta; alifunga dhidi ya Kenya, tukafungwa 3 kwa 2. Kisha ikaja Januari 2024, Ivory Coast, na kura ikatupanga na hao hao Zambia.

Asiyeishi Tunduma hawezi kujua siku ile ilikuwaje. Baina yetu na Nakonde ni hatua chache tu. Watu wameoana, wanauziana nyanya na mchele, wanazikana. Kwacha na shilingi ziko mfuko mmoja. Jumapili tarehe 21 Januari kila nyumba yenye televisheni ilikuwa na wageni wa pande zote mbili, na nyumbani kwangu shemeji wa Nakonde alikaa kwenye kiti changu bila kuombwa. Dakika ya 11, uwanjani San Pedro, mpira ulipenya upande wa kushoto wa lango la Zambia na Samatta akaufikia wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, nahodha, mshambuliaji, na lango liko mbele yake. Kila aliyekuwa chumbani alidhani atapiga. Yeye aliinua kichwa, akamwona Simon Msuva anakuja, akampenyezea, na Msuva akafunga bao la kwanza la Tanzania katika mashindano yale.

Kabla ya mapumziko Mzambia mmoja alitolewa kwa kadi nyekundu. Pamoja na upungufu huo, Patson Daka alisawazisha dakika ya 88, na kelele zilizotoka Nakonde tulizisikia kabla ya picha kutufikia, kwa kuwa televisheni yangu huchelewa kidogo. Ikaisha 1 kwa 1. Shemeji alicheka mpaka akaomba maji. Katika orodha ya wafungaji wa mchezo ule kwa upande wetu limeandikwa jina moja, nalo ni la Msuva.